Meduza ya Tanganyika: ziwa lililodhaniwa kuwa bahari

Leo naacha kidogo muhogo na maharagi, tuongee maji.

Baharini kuko kiumbe kinaitwa anemoni: mwili laini, mdomo juu, na mikono midogo yenye kuwasha imeuzunguka. Aina zingine zinajichimbia mu mchanga, kwenye maji ya baridi yasiyo na kina, zinaacha mikono tu inje. Sisi huku hatuna bahari. Lakini ndugu ya anemoni anaishi pale muto Ruzizi unamwaga maji ya Kivu yetu: ni meduza ya ziwa Tanganyika, ile watu wa pwani wanaita konyeza. Upana wake ni sentimita 2 hivi, inapitisha mwangaza kama kioo, na haiumizi mutu.

Mujerumani Richard Böhm aliiona mwaka wa 1883. Mwaka uliofuata akafia Katanga. Mu 1893 Muingereza R. T. Günther akaipa jina Limnocnida. Wanasayansi wakashangaa: meduza karibu zote ni za bahari, sasa hii inatafuta nini katikati ya Afrika?

J. E. S. Moore alikuja mara mbili, 1896 na 1899. Aliona pia konokono zenye kufanana na za bahari ya zamani sana. Safari ya pili akapita mpaka Kivu na maziwa ya kaskazini, akakuta vile viumbe vya Tanganyika haviko. Basi akaandika mu kitabu chake cha 1903: Tanganyika ni kipande cha bahari kilichobakia.

Hoja ilikuwa nzuri, lakini haikusimama. Meduza kama ile ilionekana tena mu ziwa Victoria na mu muto Niger. W. A. Cunnington, aliyechunguza Tanganyika mu 1904 na 1905, alionyesha kama zile konokono ni za maji matamu. Zilibadilika humo humo ziwani kwa wakati murefu. Leo tunajua Tanganyika iko na miaka milioni 9 mpaka 12 hivi. Bahari ya Moore ingepashwa kuwa na zaidi ya milioni 140.

Na Kivu? Zamani maji yake yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zikafunga njia, ndipo Ruzizi ikazaliwa, miaka kama 10.000 iliyopita. Maporomoko yake yanazuia samaki wa Tanganyika kupanda. Ile sambaza tunauza hapa Minova kila asubuhi haikupanda yenyewe: ililetwa toka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa mikono ya watu. Lakini uliza kijana yeyote ku beach, atakujibu ni samaki ya mababu.

Kosa ni moja. Moore aliona kufanana, akasema ni asili. Sisi tunaona mazoea, tunasema ni asili. Hata muhogo wetu ulitoka Amerika ya Kusini. Wenzangu wa lisansi, kesho mutu akileta mbegu ao samaki mupya, akisema "kwenu ni kama kwetu, itakubali tu", tumuulize kwanza: kwetu tangu lini, na nini kilikuwa hapa mbele yake? Ziwa likishapokea kiumbe, kukitoa ni kazi ya bure.