Mtoto Alinunuliwa Aiskrimu. Bili Alilipa Nani?

Muvi za mafia tumeziona sote. Wengine wetu tulizionea kwa kibanda cha video, DJ akitafsiri juu ya sauti ya wahusika, na tukatoka pale tukitembea kama tuna bastola kiunoni. Sawa. Lakini kuna watu walikulia mtaa mmoja na hao majamaa wenyewe, kule New York, Chicago na hata miji midogo. Sasa ni wazee. Ukisikiliza stori zao za utotoni, nyingi zinafanana: jamaa alikuwa mpole kwetu, alitununulia aiskrimu, na mtaani hakuna mtu aliibiwa.

Mimi siwaiti waongo. Shida ni kwamba mtoto anaona vitu kwa urefu wake. Anaona mkono ukitoa pesa. Hizo pesa zilitoka wapi, haoni.

Chukua Chazz Palminteri. Alikulia Belmont, mtaa wa Waitaliano huko Bronx, na baba yake alikuwa dereva wa basi. Siku moja, akiwa bado mtoto, ameketi nje ya nyumba yao, aliona mtu akipigwa risasi na kuuawa. Hiyo siku haikumtoka kichwani. Mwaka wa 1989 aliifanya mchezo wa jukwaani, yeye peke yake akiigiza watu wote, na 1993 ikawa muvi, A Bronx Tale, ikiongozwa na Robert De Niro. Ndani yake karao wanamuuliza mtoto nani aliua. Anakataa kumtaja. Kuanzia hapo mkubwa wa mtaa anamchukua kama mwanawe, na baba mwenye basi anabaki akipigania mtoto wake mwenyewe.

Na usidhani watu wa huko walikuwa wajinga kuwaheshimu hao wakubwa. Kati ya 1880 na 1924, zaidi ya Waitaliano milioni 4 waliingia Marekani, wengi maskini kutoka kusini mwa Italia. Hawakupendwa. Mwaka wa 1891 huko New Orleans, umati ulivamia jela na kuwaua Waitaliano 11, siku moja tu baada ya korti kuwaachilia baadhi yao mashtaka ya mauaji. Sasa kama wewe ni mama huongei Kiingereza na karao anakuona takataka, ukiibiwa unaenda kwa nani? Unaenda kwa yule mtu wa kona anayeongea lugha yako. Halafu 1920 serikali ikapiga marufuku pombe, na yule mtu wa kona akatajirika. Al Capone alipofungua jikoni ya supu ya bure Chicago mwaka wa 1930, wakati watu hawana kazi, unafikiri waliopanga foleni waliuliza pesa ni za nini?

Lakini stori inayonikaa kichwani ni ya John Gotti, mkubwa wa familia ya Gambino. Kila tarehe 4 Julai alikuwa anafanyia watu sherehe mtaani Ozone Park, Queens. Chakula cha bure, fataki usiku, kibali hakuna. Watoto walimpenda. Alipohukumiwa kifungo cha maisha mwaka wa 1992, mashabiki walizua fujo nje ya korti Brooklyn mpaka wakapindua magari.

Sasa rudi nyuma, Machi 1980. Mtoto wa Gotti, Frank, wa miaka 12, alikuwa kwa pikipiki ndogo huko Howard Beach, akagongwa na gari la jirani na kufa. Jirani aliitwa John Favara. Polisi walisema ni ajali. Julai mwaka huo huo, Favara alinyakuliwa karibu na kazini kwake. Mwili wake haujapatikana hadi leo. Wakati huo Gotti alikuwa Florida, na hakuna mtu amewahi kufungwa kwa hayo mauaji.

Favara pia alikuwa na familia. Wao kumbukumbu yao ya utotoni ni gani? Hiyo huisikii kwa zile stori za aiskrimu. Anayesimulia ni aliyepewa. Aliyenyang'anywa alifunza watoto wake kunyamaza.

Na kunyang'anywa si kupigwa risasi tu. Kwa kesi kubwa ya wakuu wa mafia New York, 1985 hadi 1986, ilitokea kwamba kwa kazi za konkriti za zaidi ya dola milioni 2, kontrakta alitoa asilimia 2 kwa mafia. Jengo likiwa ghali, kodi inapanda. Kwa hivyo yule mzazi anayefurahi mtoto wake kula bure tarehe 4 Julai, inawezekana alikuwa amelipia hicho chakula mwaka mzima.

Hata ndani ya nyumba za mafia kulikuwa na kimya. Mwandishi Russell Shorto alikulia Johnstown, Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma. Babu yake alikuwa mmoja wa waliosimamia kamari ya mafia hapo. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kuongea hayo. Shorto alikuwa mtu mzima tayari alipoanza kuuliza wazee, akimvuta hata baba yake kwa hiyo kazi, na kitabu kikatoka 2021. Aliyoyapata hayakuwa suti na kofia. Ni familia iliyoumia na haikuwahi kusema.

Kitu kinanifurahisha ni kwamba kwa A Bronx Tale, De Niro angeweza kujichagulia gangsta. Yeye ndiye aliongoza muvi. Alichagua kuigiza baba, dereva wa basi. Waitaliano wengi wa huko walikuwa kama yeye: wanaamka alfajiri, wanafanya kazi, wanarudi wamechoka, na hakuna mtoto anawakimbilia barabarani.

Sasa niambie wewe. Mtaani mwenu, yule jamaa mlimuona mkubwa mkiwa watoto, pesa zake zilikuwa zinatoka kwa nani? Kama hujui, uliza mathe leo jioni.