Kujiunga na Gofu Kisumu Msimu Mpya Unapoanza: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Tangu reli ilipofika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, mwaka 1901, watu wa Pwani hawajakoma kwenda huko kwa kazi za bandari, reli, biashara na vyuo. Baadhi yao walianza kupiga gofu Mombasa, Nyali, Malindi au Diani, na wengine hawajawahi kushika fimbo. Vilabu vingi hutoa ratiba mpya mwanzoni mwa mwaka, na huo ndio wakati mgeni hukaribishwa kwa urahisi. Huo pia ndio wakati wa watu kulipa haraka na kujuta taratibu. Makala haya yanaeleza njia ilivyo.

Viwanja vilivyopo

Mjini Kisumu mchezo huu una makao yake Nyanza Golf Club. Wachezaji wa huko huzuru pia Kakamega, Nandi Hills, Kericho na Eldoret, na wenyeji wa huko nao huwazuru. Viwanja vingi vya magharibi vina mashimo 9, kwa hiyo raundi kamili ya mashimo 18 ni kuuzunguka uwanja mara mbili. Mtu asikudanganye kuwa uwanja wa mashimo 9 ni wa watoto. Ukirudi duru ya pili, upepo umegeuka na miguu imechoka.

Njia ya uanachama

Kwa kawaida unachukua fomu ofisini, unatafuta mwanachama wa kukupendekeza na mwingine wa kukuunga mkono, kisha kamati inakuita kwa mahojiano mafupi. Usiombe saini kwa mtu usiyemjua. Nenda kwanza kama mgeni, lipa ada ya kucheza ya siku, cheza mara tatu au nne, ujulikane. Kama ni mwanachama wa klabu ya Pwani, chukua barua ya utambulisho na uulize kama vilabu hivyo viwili vina makubaliano ya kupokeana. Huenda usihitaji kujiunga upya.

Fedha ndizo huvunja urafiki. Kabla ya kutia saini, uliza mambo haya moja moja:

- Kiingilio ni kiasi gani, na je, hurudishwa ukihamishwa kikazi?
- Ada ya mwaka hulipwa kwa mkupuo au kwa awamu?
- Je, kuna kiwango cha kila mwezi ambacho lazima ukitumie mkahawani?
- Mwenzi na watoto wamo, au wanalipiwa kando?
- Kedi analipwa kiasi gani kwa raundi?

Hilo la mwisho lisipuuzwe. Kedi, yule anayebeba mkoba na kukuonyesha mteremko wa grini, mara nyingi hana mshahara wa mwezi, na mlo wa nyumbani kwake hutoka kwenye raundi yako. Mlipe siku hiyohiyo, kwa kiwango kilichowekwa au zaidi.

Handikapu ni nini

Handikapu ni kipimo kinachomwezesha mwanafunzi kushindana na bingwa kwa haki. Tangu mwaka 2020 dunia inatumia mfumo mmoja. Mchezaji mpya huwasilisha kadi za jumla ya mashimo 54, yaani raundi tatu za mashimo 18 au sita za mashimo 9. Kiwango cha juu kabisa ni 54.0. Ukishakuwa na raundi 20, hesabu huchukua wastani wa 8 zilizo bora. Basi ukipewa mipigo 28 uwanjani na ukamaliza kwa mipigo 100, matokeo yako halisi ni 72. Kadi ya uongo ni wizi. Anayeficha uwezo wake ili ashinde zawadi hujulikana upesi, na hakuna atakayetaka kucheza naye.

Anza na fimbo chache zilizokwishatumika. Kanuni zinaruhusu zisizozidi 14, lakini saba zinamtosha anayejifunza.

Adabu ya uwanjani

Vaa shati lenye kola, na uache jinzi nyumbani. Akina mama wanaojisitiri huweza kucheza kwa suruali ndefu, mikono mirefu na kilemba bila kuzuiwa na kanuni za mchezo, ila uliza masharti ya klabu yenyewe mapema. Mpira ukielekea watu, piga ukelele wa "foo!" bila haya. Sawazisha mchanga uliokanyaga, rekebisha alama ya mpira kwenye grini, na usitafute mpira uliopotea kwa zaidi ya dakika tatu.

Wapo wanaowekeana dau kila Jumamosi. Sheria za gofu hazikulazimishi. Sema mapema kwamba wewe huchezi kwa pesa, nao watakuheshimu. Vilevile panga muda wa kuanza ili swala ya Ijumaa isikupite.

Radi na viboko

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi sana duniani, na mara nyingi mawingu hukusanyika alasiri, hasa katika masika ya Machi hadi Mei. Cheza asubuhi. Ukisikia radi, acha mchezo papo hapo, weka fimbo chini, usijikinge chini ya mti, ingia kwenye jengo au gari. Hakuna kikombe chenye thamani ya roho.

Husimuliwa pia kanuni maarufu ya zamani ya Kisumu: mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba kiasi cha kuhatarisha maisha, mchezaji aliruhusiwa kuangusha mwingine mahali salama bila adhabu. Watu hucheka, lakini kiboko hutoka ziwani usiku kula majani, na alfajiri huenda bado yuko njiani. Karibu na maji, msikilize kedi.

Kwa nini ujisumbue

Zama za ukoloni vilabu hivi vilikuwa vya Wazungu, na Mwafrika aliingia kama mfanyakazi. Leo mlango uko wazi kisheria, ila gharama bado inawabakisha wengi nje. Ukiingia, usiingie peke yako: uliza kama klabu ina mafunzo ya vijana, mpeleke mwanao na mtoto wa jirani. Ugenini, saa nne za kutembea na watu watatu hukujuza mji kuliko mwaka wa kupungiana mikono ofisini.

Kwa hiyo, cheza kwanza, uliza pili, lipa mwisho.