Ngoma za Ufilipino Jukwaani

Msomaji, ukiitazama ramani ya dunia, kusini-mashariki ya bara la Asia, utaviona visiwa vya Ufilipino, zaidi ya 7,000 kwa hesabu. Wahispania walivitawala tangu mwaka 1565, na baada yao Wamarekani, kuanzia 1898 hata 1946. Katika maonyesho makubwa ya St. Louis, Marekani, mwaka 1904, Wafilipino zaidi ya 1,000 waliwekwa katika vijiji vya kuigiza, na Waigorot wa milimani wakacheza ngoma zao mbele ya watu waliokuja kuwashangaa. Hilo nalo lilikuwa jukwaa, lakini wenye ngoma hawakuwa na kauli juu yake.

Aliyefanya mengi kuigeuza hali hiyo alikuwa mwalimu. Francisca Reyes, aliyejulikana baadaye kwa jina la Francisca Reyes Aquino, alizunguka vijijini kukusanya ngoma za wazee. Aliandika mwendo wa miguu, mikono na hesabu ya mapigo, na mwaka 1926 akatoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Ufilipino. Usidhani kwamba kazi hiyo ni nyepesi. Hebu jaribu kuandika kwa maneno matupu ngoma moja tu ya kwenu, hata mtu asiyepata kuiona aweze kuicheza! Kwa juhudi zake ngoma za vijijini ziliingia mashuleni. Mojawapo ni tinikling ya kisiwa cha Leyte, ambayo wachezaji huruka kati ya mianzi inayogonganishwa, wakimwigiza ndege aitwaye tikling.

Mwaka 1957 kundi la Bayanihan liliundwa katika Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ufilipino, mjini Manila. Neno bayanihan ni kusaidiana kazi kwa majirani. Sisi tungesema harambee. Lucrecia Reyes Urtula alizipanga ngoma, na Lucrecia Kasilag akaushughulikia muziki. Mwaka 1958 kundi hilo lilicheza katika maonyesho ya dunia mjini Brussels, na mwaka uliofuata New York. Watu wa nchi iliyopata uhuru wake juzi tu walishangiliwa katika miji mikubwa, nao safari hii jukwaa lilikuwa lao wenyewe.

Lakini kushangiliwa kuna gharama yake. Tuitazame ngoma ya singkil, iliyo ya Wamaranao, Waislamu wanaokaa kando ya Ziwa Lanao katika kisiwa cha Mindanao. Jina lake ni la njuga zinazovaliwa miguuni. Kwa desturi ilichezwa na mabinti wa jamaa za kifalme. Binti hupita katikati ya mianzi iliyopishana, uso umetulia, vipepeo viwili vikizunguka mikononi mwake, huku ikipigwa kulintang, yaani safu ya vyombo vya shaba vya namna ya upatu. Haiba yake yote imo katika utulivu ule. Jukwaani akatokea pia mwana wa mfalme mwenye upanga, na mianzi ikakazwa mwendo mpaka watazamaji wakashika pumzi. Ikawa ngoma ya kupendeza mno. Je, ilikuwa bado ya Wamaranao?

Swali hilo halikuulizwa na wageni. Mwaka 1970 Usopay Cadar, Mmaranao mwenyewe na mtaalamu wa muziki wa kwao, aliandika akihoji uhalisi wa ngoma za Bayanihan. Naye Ramon Obusan, aliyewahi kucheza katika Bayanihan, aliunda kundi lake mwaka 1972, akashikilia kwamba ngoma ichezwe karibu iwezekanavyo na ilivyo kijijini, hata ikiwa polepole, hata ikimchosha mtazamaji wa mjini.

Mimi siwalaumu waliofupisha. Ngoma ya kukesha haiwezi kuwekwa jukwaani kwa saa nane, wala nguruwe wa tambiko la milimani hachinjwi mbele ya taa za ukumbi. Ninalotaka ni kwamba mtazamaji aambiwe waziwazi kipi ni cha wazee na kipi kimeongezwa. Huko Marawi, mji wa Wamaranao ulio kando ya ziwa lao, chuo kikuu kina kundi la ngoma lenye jina la Darangen, ule utenzi wao mrefu wa mashujaa. Kundi hilo nalo hucheza singkil jukwaani.