Maneno Yaliyotutangulia Uingereza

Jamaa zangu, majuzi mjukuu wangu aliniuliza ana haja gani ya lugha za wazee ilhali Kiingereza kinamtosha. Sikumkemea, nilimwonyesha maneno matatu.

La kwanza ni tariff, nililolipiga chapa miaka mingi ofisini. Asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya kujulisha. Lilipitia Italia na Ufaransa, likafika Uingereza likiwa orodha ya ushuru. Sisi tulilipokea kutoka shina lilo hilo tukasema taarifa, na maana ya kujulisha ikabaki.

La pili ni magazine, kutokana na makhazin, yaani maghala. Ni ndugu wa hazina yetu. Waingereza waliita hivyo ghala la bidhaa na la baruti. Mwaka 1731 Edward Cave wa London akaliita jarida lake The Gentleman's Magazine, kana kwamba ni ghala la habari, na tangu hapo majarida yakaitwa hivyo.

La tatu ni safari. Hili Mswahili alilipokea kwa Mwarabu, naye Mwingereza akalipokea kwa Mswahili katika karne ya 19, zama za misafara ya kwenda bara.

Mjukuu alinyamaza, kisha akaniomba nimwandikie neno hazina kwa herufi za Kiarabu. Nikamwandikia, naye akalinakili mara tatu.

Nanyi waonyesheni watoto wenu, maadamu tungali hai wa kuulizwa. Wassalaam.