Magari ya Serengeti: ya Kale na ya Sasa

Wahenga walisema kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Katika habari za magari, methali hii hupenda kutajwa na wale wasifuo ya zamani. Na wale wasifuo ya leo huwajibu kwa kutaja nguvu, kasi na raha. Ubishi huo haufiki mwisho, kwa sababu gari hupimwa peke yake, kana kwamba halina nchi ya kupita. Lakini iko nchi ambamo gari la kale na gari la sasa hupimwa kwa kipimo kimoja. Nayo ni ile ya Mkoa wa Mara ianziayo katika vilima vya Tarime, ikavuka Mto Mara, ikafika Mugumu na Ikoma, na kuishia katika mbuga pana za Serengeti.

Kabla ya gari, watu wa nchi hiyo, yaani Wakuria, Wangoreme, Wanata na Waikoma, waliijua kwa miguu. Mwindaji wa Kiikoma alitoka na upinde na mishale ya sumu, na idadi ya wanyama aliowapata iliwekewa mpaka na nguvu za miguu yake mwenyewe. Mwaka 1920 ilifika huko motokaa ya Ford, imemchukua mwindaji kutoka Marekani. Ford ya siku hizo ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu, lakini ilikuwa nyepesi, iliinuka juu ya ardhi, na fundi yeyote mwenye akili aliweza kuitengeneza kwa waya na spana. Katika uwanda mkavu hayo yalitosha. Simba, ambaye hakuwa amezoea kukimbia kitu kisichonuka kama binadamu, alilala kivulini akaitazama motokaa inavyomkaribia, akapigwa risasi papo hapo.

Hivyo mchezo wa uwindaji ukageuka kuwa mauaji. Hata miongoni mwa wawindaji wenyewe walitokea waliochukizwa. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyefanya kazi ya kuwaongoza wageni katika safari za uwindaji, aliandika katika gazeti la The Times la London, mwishoni mwa miaka ya 1920, kulaumu desturi ya kuwaua simba wa Serengeti kwa kutumia motokaa. Mwaka 1929 sehemu ya nchi hiyo ilifanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1951 ikawa Hifadhi ya Taifa. Yafaa kukumbuka kwamba mwindaji wa miguu naye aliingizwa katika katazo hilo, ingawa madhara yaliyoleta kilio yalitokana na magurudumu. Tangu hapo Mwikoma aliyefuata njia za baba zake aliitwa jangili.

Gari lililotumiwa kumfuata lilikuwa Land Rover. Gari hili lilitolewa na kampuni ya Rover ya Uingereza mwaka 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita, mwili wake ulitengenezwa kwa alumini. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 50 hivi, na magurudumu yote manne yaliweza kuvuta. Halikuwa na raha hata kidogo: vumbi liliingia kila upande, na springi zake ngumu zilimtikisa abiria mpaka mifupani. Lakini dereva wake alilijua kama mfugaji amjuavyo ng'ombe wake. Alisikia kwa masikio injini inapochoka, akahisi kwa mikono gurudumu linapoanza kuzama katika udongo mweusi wa masika, na lilipoharibika alilifungua mwenyewe chini ya mgunga.

Utengenezaji wa Land Rover ya namna hiyo, iliyokuja kuitwa Defender, ulikoma Uingereza tarehe 29 Januari 2016. Jina lake limebaki katika vinywa vya Watanzania, ambao huliita gari la polisi «difenda». Gari jipya la jina hilo lilionyeshwa mwaka 2019. Halina tena chasisi ya kutengana na mwili. Huongozwa na kompyuta, na baadhi ya aina zake zina nguvu za farasi 400. Ni bora kwa kasi, kwa utulivu na kwa usalama wa abiria. Lakini wapelekao watalii Serengeti wengi hutumia Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo umbo lake ni la mwaka 1984. Sababu yake ni rahisi: kompyuta ikifa porini, spana haiifufui.

Sasa sheria ya Hifadhi husema kwamba gari lisizidi kilomita 50 kwa saa, wala lisiiache njia. Mwendo huo hata Land Rover ya 1948 iliuweza. Basi farasi 400 wakiingia Serengeti hufungwa kamba moja na wale 50, na ubora wote wa kupanda mawe na kuruka mitaro hauna kazi pale. Tofauti iliyobaki ni ya dereva. Wa kale alimtafuta chui kwa kusoma nyayo na kusikiliza nyani. Wa leo huambiwa kwa redio chui alipo, naye hufika pamoja na wenzake thelathini.

Mwezi Julai 2025 zilisambaa picha za watalii walioshuka magarini kaskazini mwa Serengeti, wakawazibia nyumbu njia ya kuvuka Mto Mara. Hakuna aliyekuwa na bunduki, wala hakuna aliyekusudia kuua. Hata hivyo lilirudi jambo lile lile la miaka ya 1920: chombo kilimfikisha mtu karibu upesi kuliko adabu yake. Wakati ule ilihitajika sheria ili kuizuia Ford yenye farasi 20. Kwa hiyo ashindanishaye magari ya kale na ya sasa asihesabu farasi peke yao, bali atazame pia ni nani ashikaye hatamu. Kamba ya ukuukuu na ukambaa mpya, vyote viwili, hufunga kadiri ya fundo alilolipiga mwenye kufunga.