Kuhamia makazi mapya ukiwa na fedha kidogo: mambo ya kujua kabla ya kufunga mizigo

Watu huhama kwa sababu nyingi. Mwingine kodi yake imekwisha na mwenye nyumba ameongeza bei. Mwingine amepata kibarua mjini, ameolewa, au nyumba yake imeingiliwa na maji wakati wa masika. Wapo pia wanaohamia karibu na shule ya sekondari ili mtoto asitembee kilomita nyingi alfajiri.

Kwa familia nyingi za vijijini, fedha ya kuhamia ni ile iliyopatikana baada ya kuuza mahindi, mpunga au mbuzi wawili. Ikipotea hakuna nyingine mpaka msimu ujao. Makala hii inaeleza, kwa kuangalia hali ilivyo Tanzania, fedha hiyo huenda wapi na namna ya kuifanya itoshe.

Kodi si gharama pekee

Kosa linalowakuta wengi ni kupiga hesabu ya kodi tu. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu, sita, au hata mwaka mzima kwa mkupuo. Ukitafutiwa nyumba na dalali, mara nyingi naye hudai malipo yanayolingana na kodi ya mwezi mmoja. Baada ya hapo kuna usafiri, kufuli, taa, na chakula cha siku za kwanza kabla hujapata kipato.

Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 30,000 kwa mwezi. Bei hizi ni za mfano tu, badilisha kulingana na eneo lako:

- Kodi ya miezi 6: shilingi 180,000
- Dalali: shilingi 30,000
- Usafiri wa mizigo: shilingi 40,000
- Kufuli, taa na matengenezo madogo: shilingi 15,000
- Chakula na maji ya wiki ya kwanza: shilingi 35,000

Jumla ni shilingi 300,000. Aliyetoka kijijini na 180,000 mkononi akidhani imetosha, atakuwa amepungukiwa na 120,000. Hapo ndipo watu wanapoangukia kwenye mikopo ya riba kubwa, ile inayoitwa kausha damu, na chumba cha bei nafuu kinageuka kuwa deni la mwaka mzima.

Kwa hiyo zungumza na mwenye nyumba mapema. Wapo wanaokubali miezi mitatu ukiwaeleza kwa heshima na ukiwa na mtu wa kukudhamini, kama ndugu au jirani anayefahamika. Katika mfano wetu, kulipa miezi 3 badala ya 6 kunaiteremsha jumla mpaka shilingi 210,000. Na ukipata chumba bila dalali, unaokoa 30,000 nyingine. Waulize mafundi, mama lishe, wenye maduka na waumini wenzako. Hao hujua chumba kinachoachwa wazi hata kabla dalali hajapata habari.

Chumba cha bei rahisi kinaweza kuwa ghali

Pima nauli kabla hujafurahia bei. Tuseme kuna chumba cha 25,000 kilicho mbali, unakotumia nauli ya 1,000 kwa siku kwenda na kurudi kazini. Kwa siku 26 za kazi, nauli ni 26,000. Kwa hiyo chumba hicho kinakugharimu 51,000 kwa mwezi. Chumba cha 40,000 kilicho karibu na kazi, unakokwenda kwa miguu, ni nafuu zaidi.

Fanya hivyo hivyo kwa maji. Uliza dumu la lita 20 linauzwa bei gani na familia yako inatumia madumu mangapi kwa siku. Uliza pia kama kisima hukauka kiangazi.

Umeme nao una mambo yake. Nyumba nyingi za kupanga zina mita moja ya LUKU inayotumiwa na wapangaji wote. Uliza mnachangaje, na kama anayetumia friji au pasi huchanga sawa na mwenye taa moja. Jua pia kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Kodi hiyo ni wajibu wa mwenye nyumba, hivyo mkubaliane tangu mwanzo itarudishwaje kwa mpangaji aliyenunua umeme.

Kagua kabla ya kutoa fedha

Nenda mchana, na ikiwezekana rudi tena baada ya mvua. Angalia mambo haya:

- Ukuta: mstari wa uchafu au unyevu chini ya ukuta huonyesha kuwa maji huingia.
- Paa: tazama juu ukiwa umefunga mlango. Mwanga unapopita, na mvua hupita.
- Mlango na dirisha: je, vinafungika? Nani mwingine ana ufunguo?
- Choo: kinatumiwa na familia ngapi, na kimejaa kiasi gani?
- Kunguni: chungulia kwenye nyufa za ukuta, fremu za mlango na maungio ya kitanda kama kipo. Ukiona vidoa vyeusi vyeusi, uliza majirani kabla hujaingiza godoro lako.

Majirani watakuambia ambayo mwenye nyumba hatayasema. Waulize aliyetangulia kukaa hapo alihama kwa nini.

Hakikisha unamlipa mtu sahihi

Kuna matapeli wanaoonyesha chumba kisicho chao, wanachukua kodi kwa watu watatu au wanne, kisha wanazima simu. Anayetoka mbali na kufanya mambo yote kwa simu ndiye anayenaswa kirahisi. Usitume kodi kwa nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hajaiona.

Mtafute mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Kijijini, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Muulize nyumba hiyo ni ya nani. Ukilipa kwa simu, linganisha jina linalotokea kwenye skrini na jina la mwenye nyumba kabla ya kuweka namba ya siri, na usiufute ujumbe wa malipo. Ukilipa taslimu, lipa mbele ya shahidi na udai risiti au maandishi. Dalali apewe chake baada ya wewe kupokea ufunguo.

Mkataba wa karatasi moja unatosha, hata ukiandikwa kwa mkono. Uwe na majina ya pande mbili, namba za simu, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, nani anatengeneza kikiharibika kitu, na notisi ni ya muda gani. Wekeni sahihi pamoja na shahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano ya mdomo yana shida moja: mkigombana, kila mtu hukumbuka lake.

Beba kinachostahili kubebwa

Kila kitu unachobeba kina gharama ya usafiri. Gawa vitu katika mafungu matatu: vya kubeba, vya kuuza, na vya kuachia ndugu. Kitanda kikubwa kilicholegea kinaweza kukulazimisha kukodi gari kubwa zaidi, wakati fundi wa kule unakokwenda angekutengenezea kingine kwa fedha hiyo hiyo. Lakini godoro, chandarua, sufuria, ndoo, jembe na panga vibebe, maana kununua vyote upya ni ghali.

Unachotaka kuuza, kiuze wiki mbili au tatu kabla. Watu wakijua unaondoka kesho, watasubiri jioni wakupe bei ya kutupa.

Kama unahama na mbuzi, kondoo au ng'ombe, nenda kwanza kwa afisa mifugo wa eneo lako upate kibali cha kusafirisha mifugo. Mkaa, mbao na mazao mengine ya misitu nayo huhitaji kibali barabarani. Wengi hukwama kwenye kizuizi kwa sababu ya magunia machache ya mkaa, na faini ikala fedha ya kodi. Ni afadhali kuuza mkaa huo kabla ya kuondoka.

Kufunga mizigo bila kununua kitu

Huhitaji maboksi. Viroba vya unga, magunia, ndoo zenye mifuniko, mabeseni na mifuko mikubwa ya shangazi kaja vinatosha. Funga sahani na vikombe kwa kanga na nguo, kisha vipange ndani ya sufuria. Nafaka iwe imekauka vizuri na ikae mbali na mafuta ya taa na sabuni. Mtungi wa gesi ufungwe vali, utolewe kwenye jiko, na usafirishwe ukiwa umesimama. Jiko la mkaa liwe limepoa kabisa, hata chini ya majivu.

Mfuko mmoja mdogo usiingie garini na mizigo mingine. Ubebe mwenyewe. Uwe na vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi za kliniki, kadi ya bima, mkataba, dawa, chaji ya simu na fedha iliyobaki.

Usafiri

Kwa umbali mfupi, mkokoteni, guta au toyo hutosha. Kwa mizigo ya chumba kimoja, kirikuu hubeba vyote kwa safari moja. Kwa safari ndefu, ulizia magari yanayopeleka mazao mjini au yanayorudi yakiwa matupu. Dereva anayerudi bila mzigo hukubali bei ya chini. Mkiwa familia mbili mnaoelekea upande mmoja, kodini gari moja mchangie.

Patana bei kabla gari halijaanza kupakiwa. Uliza kama bei hiyo ina wapakiaji, na kama dereva atafika hadi mlangoni au ataishia barabarani. Epuka mwisho wa mwezi kama unaweza, kwa kuwa wahamaji huwa wengi. Usiwapandishe watoto juu ya mizigo. Nauli yao ya basi ni ndogo kuliko gharama ya ajali.

Kabla ya kuaga

Toa notisi mapema, na kama kuna kodi iliyolipwa mbele, zungumza na mwenye nyumba kabla ya siku ya kuondoka. Lipa deni la maji na takataka. Usinunue umeme mwingi wiki ya mwisho, kwa sababu tokeni za LUKU hutumika kwenye mita iliyonunuliwa tu, huwezi kuhama nazo. Fagia chumba, kipige picha kwa simu, kisha kabidhi ufunguo mbele ya mtu.

Mambo mawili yasisubiri mpaka ufike. La kwanza ni shule. Uliza kama shule mpya ina nafasi, halafu omba uhamisho kwa mwalimu mkuu wa shule ya sasa. Mtoto asiyefuatiliwa hukaa nyumbani wiki nyingi, na wengine hawarudi tena darasani. La pili ni dawa. Anayetumia dawa za VVU, kifua kikuu, kisukari au presha aombe barua ya uhamisho kwenye kliniki yake na dawa za kumtosha mpaka atakapoandikishwa kituo kipya. Mama mjamzito na mwenye mtoto mchanga wasisahau kadi zao. Kukatiza dawa kwa sababu ya safari kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko kupoteza mzigo.

Wiki ya kwanza

Badilisha kufuli au kitasa siku ile ile. Funga chandarua kabla ya giza. Hifadhi maji. Kesho yake nenda ukajitambulishe kwa mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji. Kijijini, fika pia kwa afisa mtendaji. Huko ndiko utakakoomba barua ya utambulisho ukiihitaji, na mtu anayefahamika husaidiwa haraka akipatwa na tatizo.

Usikimbilie kununua samani. Anza na pa kulala, cha kupikia na cha kuhifadhia maji. Meza, kabati na pazia vitakuja. Baada ya miezi miwili, ukishajua kipato chako kikoje, ingia kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha watu unaowafahamu.

Na kodi ijayo ianze kuwekwa mwezi huu huu. Kama mwezi wa saba utadaiwa 180,000, hiyo ni 30,000 kila mwezi, au takriban 1,000 kwa siku. Ukiitenga kidogo kidogo, siku mwenye nyumba akigonga mlango utakuwa nayo, na hutalazimika kufunga mizigo tena.