Elektroni Huru: Huru kwa Nani?

Ukisikia "elektroni huru" unaweza kudhani zimeuaga waya na kwenda zake. Hapana. Shaba inazishika barabara: kuing'oa moja itoke nje kunadai nishati inayozidi elektronivolti 4.

Uhuru wake ni wa kutokuwa mali ya atomu moja. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, na ile ya ganda la nje imeshikwa kwa ulegevu. Atomu zikisongamana katika fuwele, elektroni hiyo inakuwa ya wote, na ayoni chanya zinazobaki hushikamanishwa na chaji hasi ya elektroni hizo iliyotapakaa kati yao. Huo ndio muungo wa metali. Kwa kuwa mshiko wenyewe hauna upande, safu za ayoni huteleza bila kuachana. Ndiyo maana shaba hufuliwa ikawa sinia, ilhali chumvi ya mawe ikigongwa hupasuka. Wapo wanaopenda kuziita elektroni huru "elektroni za shirika". Jina zuri, lakini litatuchanganya na muungo ambamo atomu mbili hushirikiana jozi ya elektroni.

Neno huru lilipata maana ya kifizikia mwaka 1900, Paul Drude wa Ujerumani alipozichukulia elektroni kama gesi inayozurura ndani ya metali. Alieleza sheria ya Ohm, na kwa nini kinachopitisha umeme vizuri hupitisha na joto. Hesabu ya joto ndiyo iliyomwangusha: gesi hiyo ingeongeza nusu nzima juu ya joto linalobebwa na fuwele yenyewe, na maabara haikuiona nyongeza hiyo.

Jibu alilitoa Arnold Sommerfeld mwaka 1927 kwa kanuni ya Pauli, inayokataza elektroni mbili kuwa katika hali moja ya kikwanta. Ni kama daladala iliyoshona: aliyebanwa katikati hana pa kusogea, wa mlangoni tu ndiye anayejitikisa. Katika joto la kawaida, chini ya asilimia 1 ya elektroni hizo "huru" ndizo zinazoweza kupokea joto.

Hata hivyo nalitetea neno lenyewe. Felix Bloch alionyesha mwaka 1928 kwamba wimbi la elektroni hupenya fuwele iliyopangika sawasawa bila kugonga ayoni. Ukinzani huletwa na mtikisiko wa ayoni, kasoro za mpangilio na atomu ngeni, na ndiyo sababu shaba ya nyaya za umeme husafishwa mno kabla ya kuvutwa.